Muuguzi Aliyemfuata Mgonjwa hadi Nyumbani: Jinsi Philadelphia Ilivyopunguza Kulazwa Tena

Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha hesabu ya Stephen Jencks, Mark Williams na Eric Coleman kuhusu wagonjwa wa Medicare, bima ya serikali ya Marekani inayowahudumia zaidi wazee wa miaka 65 na kuendelea. Kati ya kila wagonjwa watano walioruhusiwa kutoka hospitali, mmoja alikuwa amelazwa tena kabla siku 30 hazijaisha. Zilipotimia siku 90, waliorudi walifika asilimia 34. Kwa mwaka 2004 pekee, kulazwa tena kusikopangwa kuliigharimu bima hiyo dola bilioni 17.4. Ndani ya hesabu hiyo kulikuwa na jambo zito kuliko fedha. Miongoni mwa wagonjwa wasio wa upasuaji waliorudi ndani ya siku 30, nusu hawakuwa na hata ankara moja ya kumwona daktari tangu walipotoka hadi waliporudi.

Kinachosikitisha ni kwamba njia ya kupunguza mateso hayo ilikuwa imeshajaribiwa na kuthibitishwa miaka kumi kabla, katika mji wa Philadelphia, na wauguzi. Katika safu hii nachambua walichofanya hatua kwa hatua: walifundishwa nini, walipewa uwezo gani, na kwa nini wengine waliojaribu kufanya kinachofanana nacho hawakupata matokeo yale. Hoja yangu ni moja. Kumtembelea mgonjwa nyumbani peke yake hakutoshi. Kinachozuia kulazwa tena ni mtu aliyefundishwa kuona dalili mapema, anayefika katika siku za mwanzo, na mwenye mamlaka ya kuchukua hatua siku hiyohiyo.

Siku za hatari

Tuchukue ugonjwa unaoongoza kwa kuwarudisha wazee wodini: moyo kushindwa kusukuma damu. Moyo ukidhoofika, damu inayofika kwenye figo hupungua, na figo hujibu kwa kuzuia chumvi na maji yasitoke. Maji hayo hujikusanya miguuni, tumboni, na hatimaye kwenye mapafu. Hospitali humpa mgonjwa dawa za kutoa maji kwa njia ya mshipa, uzito ukashuka, pumzi ikarudi, naye akaruhusiwa akiwa na vidonge.

Nyumbani mambo hugeuka. Kabatini kuna chupa za dawa alizokuwa akitumia kabla ya kulazwa, na mojawapo ni dawa ileile aliyopewa sasa, ila kwa jina jingine la kiwandani. Kipimo kimebadilishwa, lakini mkewe anakumbuka kile cha zamani. Supu ya kopo ina chumvi nyingi kuliko anavyodhani. Maelezo ya kliniki alipewa asubuhi ya kuondoka, akiwa amechoka na anawaza usafiri.

Maji huanza kurudi kimyakimya. Uzito hupanda kwanza, kisha viatu vinabana, kisha usiku mgonjwa anaongeza mto wa pili na wa tatu ili aweze kupumua. Kati ya kupanda kwa uzito na usiku ule wa kuita gari la wagonjwa, mara nyingi kuna siku kadhaa. Ndiyo maana wagonjwa hawa huambiwa wajipime kila asubuhi na watoe taarifa uzito ukiongezeka takriban kilo moja hadi moja na nusu kwa siku, au zaidi ya kilo mbili kwa wiki. Siku hizo chache ndizo nafasi ya kuokoa. Zikipita bila mtu anayejua kuzisoma, mgonjwa hurudi wodini kwa tatizo ambalo pengine lingemalizwa kwa kurekebisha kipimo cha kidonge kimoja.

Walichofanya Philadelphia

Mizizi ya kazi hii iko kwa watoto wachanga. Mwaka 1986 Dorothy Brooten na wenzake walionyesha kwamba watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana wangeweza kuruhusiwa mapema kwa usalama, wastani wa siku 11 kabla ya wenzao, endapo muuguzi mbobezi angewaandaa wazazi na kuwafuatilia nyumbani. Mary Naylor wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania akalipeleka wazo hilo upande wa pili wa umri, kwa wazee.

Matokeo ya jaribio lake yalitoka katika jarida la JAMA mwaka 1999. Wagonjwa 363 wa miaka 65 na zaidi, kutoka hospitali mbili za Philadelphia, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Lingine lilikabidhiwa muuguzi mwenye shahada ya uzamili, aliyemwona mgonjwa ndani ya saa 48 tangu alazwe, akaendelea kumwona wodini, kisha akamtembelea nyumbani ndani ya saa 48 baada ya kuruhusiwa, na tena kati ya siku ya 7 na ya 10. Katikati ya ziara hizo alipatikana kwa simu siku zote za wiki, na yeye mwenyewe alipiga kila wiki. Kazi nzima ilichukua wiki nne baada ya mgonjwa kutoka.

Wiki 24 zilipopita, asilimia 37.1 ya kundi la kawaida walikuwa wamelazwa tena angalau mara moja. Katika kundi la muuguzi walikuwa asilimia 20.3. Malipo ya Medicare kwa kundi la kawaida yalikuwa takriban dola milioni 1.2, na kwa kundi la muuguzi takriban dola 600,000. Uaminifu unatudai tuseme pia kisichobadilika: uwezo wa wagonjwa kujihudumia, hali ya huzuni, na kuridhika kwao na huduma havikutofautiana kati ya makundi hayo. Wiki nne za muuguzi hazikuondoa uzee wala ugonjwa. Ziliondoa safari nyingi za kurudi wodini.

Jaribio lililofuata, lililochapishwa mwaka 2004, lilihusu wagonjwa 239 wa moyo kushindwa, katika hospitali sita za Philadelphia. Safari hii muda uliongezwa hadi miezi mitatu. Muuguzi alifika nyumbani ndani ya saa 24 baada ya mgonjwa kuruhusiwa, akarudi kila wiki katika mwezi wa kwanza, kisha mara mbili kwa mwezi. Moja ya ziara hizo ilikuwa ni kumsindikiza mgonjwa kwa daktari wake kwa mara ya kwanza tangu atoke. Katika wiki 52, kundi la muuguzi lililazwa tena mara 104, na kundi la kawaida mara 162. Wastani wa gharama kwa mgonjwa mmoja ulikuwa dola 7,636 dhidi ya dola 12,481.

Mafunzo yenyewe

Wasomaji wengi wa matokeo hayo huishia kwenye namba, nami naomba tusiishie hapo. Wauguzi waliofanya kazi hiyo ya mwaka 2004 walikuwa watatu tu, na wote walikuwa wabobezi tayari. Hata hivyo, kabla ya kumgusa mgonjwa wa kwanza walipitia miezi miwili ya mafunzo chini ya wataalamu wa fani mbalimbali wa ugonjwa huo. Mkazo uliwekwa katika kutambua mapema dalili za moyo kuzidiwa kwa mzee, kuzitibu kabla hazijakomaa, na kumfundisha mgonjwa na familia kwa namna inayolingana na uwezo wao.

Kwa mtazamo wa ufundi, mafunzo mazuri ya huduma ya nyumbani hujenga stadi nne, na kila moja huziba tundu lake.

Ya kwanza ni kulinganisha dawa. Muuguzi haishii kusoma karatasi ya hospitali. Huomba dawa zote zilizomo ndani ya nyumba ziletwe mezani, zikiwemo za jirani, za duka na za mitishamba, kisha huzipitia moja moja: hii unameza, hii imesimamishwa, hizi mbili ni kitu kimoja. Kazi hii haiwezi kufanyika wodini kwa sababu dawa zenye hatari hazimo wodini.

Ya pili ni kuhakikisha uelewa kwa kumrudishia mgonjwa zamu ya kueleza. Ukimuuliza mzee kama ameelewa, atasema ndiyo, kwa heshima au kwa aibu. Muuguzi aliyefundishwa humwambia: nieleze kesho asubuhi utafanya nini ukiona mzani umepanda. Mgonjwa akikosea, kosa huhesabiwa kuwa la maelezo, na muuguzi huanza upya kwa maneno mengine hadi jibu likae sawa.

Ya tatu ni kusoma mabadiliko. Moyo unaozidiwa kwa mzee hautangulizi maumivu ya kifua kila mara. Unaweza kutangulia kwa kukosa hamu ya chakula, uchovu usio wa kawaida, kuchanganyikiwa kidogo, au kulala kwenye kiti badala ya kitandani. Mwanafunzi hujifunza kuuliza maswali yanayofichua mambo hayo, na kutazama mishipa ya shingo, vifundo vya miguu na daftari la uzito kila anapofika.

Ya nne ni kutoa taarifa kwa daktari. Hapa ndipo maisha mengi hupotea, kwa sababu muuguzi huona tatizo lakini hulisema kwa namna isiyomwezesha daktari kuamua. Utaratibu unaofundishwa sana ulitoka kwenye nyambizi za nyuklia za jeshi la majini la Marekani, ukaingizwa katika afya na shirika la Kaiser Permanente huko Colorado. Una hatua nne: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini yangu, na ninachopendekeza. Hatua ya mwisho ndiyo ngumu kufundisha, maana humtaka muuguzi aseme waziwazi kwamba anaona kipimo cha dawa kiongezwe leo na damu ipimwe kesho kutwa. Bila pendekezo, simu huisha kwa ahadi ya kuangalia baadaye.

Mamlaka ya kuchukua hatua

Stadi hizo nne hazizai matunda kama aliyezipata hana nafasi ya kuzitumia. Muuguzi wa Philadelphia alikuwa amemjua mgonjwa tangu wodini, alizungumza na madaktari wake kama mshirika, na aliwezeshwa kurekebisha matibabu kwa makubaliano nao. Alipoona uzito umepanda hakuandika ripoti ya kusomwa wiki ijayo. Alitenda siku ileile.

Jambo hili linagusa moja kwa moja watumishi wa ngazi ya chini, ambao ndio wengi. Kanuni za Medicare zinamtaka msaidizi wa huduma za nyumbani apate mafunzo ya saa 75 kwa uchache, zikiwemo saa 16 za vitendo chini ya usimamizi, na saa 12 za kujiendeleza kila mwaka. Mtu huyu ndiye anayemwogesha mgonjwa, anayempikia, anayejua kama jana alikula. Muuguzi huja kwa saa moja na kuondoka, msaidizi hubaki. Watafiti wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, waliozungumza na wasaidizi wanaohudumia wagonjwa wa moyo, waliwakuta wengi hawakuwahi kufundishwa lolote la maana kuhusu ugonjwa huo, na walilalamikia mawasiliano duni na wataalamu wa afya.

Zana za kuwasaidia zipo. Mpango wa INTERACT, unaohusishwa na kazi ya daktari Joseph Ouslander wa Florida Atlantic University, uliwatengenezea wasaidizi wa nyumba za wazee orodha fupi ya mambo ya kuangalia: haonekani kama alivyo siku zote, anaongea kidogo kuliko kawaida, hali chakula, uzito umebadilika, ana hasira au wasiwasi, amechoka au amechanganyikiwa, anahitaji msaada zaidi kutembea. Kuitumia hakuhitaji shahada. Kunahitaji msaidizi afundishwe, na kwa upande wa pili awepo muuguzi aliyefundishwa kupokea taarifa hiyo na kuifanyia kazi bila kumdharau aliyeileta. Orodha isiyo na mpokeaji ni karatasi tu.

Eric Coleman, yuleyule wa hesabu ya 2009, alionyesha njia ya gharama nafuu huko Colorado. Mkufunzi mmoja alimwona mgonjwa hospitalini, akamtembelea nyumbani mara moja ndani ya siku tatu hivi, kisha akampigia simu tatu ndani ya siku 28. Hakumfanyia mgonjwa kazi. Alimfundisha aifanye mwenyewe: kusimamia dawa zake, kutunza daftari la afya yake, kuhakikisha anaonana na daktari, na kuzitambua dalili za hatari. Katika wagonjwa 750, waliolazwa tena ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 8.3, dhidi ya 11.9 ya kundi la kawaida. Punguzo ni dogo kuliko la Philadelphia, nayo gharama ni ndogo vilevile.

Somo la Camden

Uchambuzi hauwi wa haki bila kuangalia palipokwama. Ng'ambo ya mto kutoka Philadelphia uko mji wa Camden, New Jersey. Huko daktari Jeffrey Brenner alianzisha mpango uliosifiwa nchi nzima, wa kuwafuatilia wagonjwa wanaolazwa mara nyingi kuliko wote. Timu ya wauguzi, maofisa ustawi wa jamii na wahudumu wa jamii iliwafuata majumbani baada ya kuruhusiwa. Mwaka 2020 matokeo ya jaribio la wagonjwa 800 yalichapishwa. Ndani ya siku 180, asilimia 62.3 ya waliohudumiwa na timu walilazwa tena, na asilimia 61.7 ya wasiohudumiwa. Hapakuwa na tofauti.

Yapo mafunzo mawili hapa. La kwanza ni la kupima. Ukilinganisha wagonjwa wa timu hiyo kabla na baada, unaona kulazwa kumeshuka kwa pointi 38 za asilimia, na mtu asiye na kundi la kulinganisha angetangaza ushindi. Lakini kundi la pili nalo lilishuka vivyo hivyo, kwa sababu wote waliandikishwa wakiwa katika kipindi chao kibaya kabisa, na baada ya kipindi kibaya wengi hupata nafuu hata bila msaada. Kila mkurugenzi anayejisifu kwamba mafunzo yake yamepunguza kulazwa tena aulizwe kwanza: umelinganisha na nani?

La pili ni la utekelezaji. Mpango ulilenga mgonjwa atembelewe nyumbani ndani ya siku 5 na aonane na daktari ndani ya siku 7. Malengo hayo ya muda yalifikiwa kwa chini ya asilimia 30. Baadhi ya wagonjwa hawakuwa na makazi ya kudumu au simu, na miadi ya daktari haikupatikana upesi. Wagonjwa wa Camden walikuwa na maisha magumu kuliko wale wa Philadelphia, hivyo si haki kusema timu ilizembea. Ila muda ni sehemu ya tiba. Muuguzi hodari anayefika siku ya kumi na mbili huenda akamkuta mgonjwa ameshapelekwa hospitalini.

Serikali ya Marekani nayo ilitumia fimbo ya fedha. Kuanzia Oktoba 2012, chini ya sheria ya afya ya mwaka 2010, hospitali zenye wagonjwa wengi wanaorudi zilianza kukatwa malipo, kwanza hadi asilimia 1 na baadaye hadi 3. Kati ya 2007 na 2015 kulazwa tena kwa magonjwa yaliyolengwa kulishuka kutoka asilimia 21.5 hadi 17.8. Hata hivyo, mwaka 2018 watafiti waliripoti kwamba vifo vya wagonjwa wa moyo kushindwa baada ya kuruhusiwa viliongezeka katika kipindi hicho, na mabishano kuhusu chanzo yakawa makali. Tahadhari yake ni wazi: ukipima kurudi hospitalini peke yake, unaweza kumfungia mlango anayestahili kurudi. Muuguzi mzuri wa nyumbani hapimwi kwa idadi ya aliowazuia tu. Hupimwa pia kwa aliowarudisha upesi kwa sababu hali ilidai.

Kwa msomaji wa Kiswahili

Habari hii si ya mbali. Watu wengi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo wanafanya kazi hizi za uuguzi na usaidizi wa majumbani huko Marekani, na saa zile 75 wanazijua. Nyumbani kwetu pia ugonjwa upo, tena unawapata vijana zaidi. Utafiti wa THESUS-HF, uliohusisha nchi tisa za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulikuta wagonjwa wa moyo kushindwa wana wastani wa miaka 52, chanzo kikuu kikiwa presha, na asilimia 17.8 walifariki ndani ya siku 180. Hawa ni watu wenye watoto shuleni.

Hatuna Medicare, wala wauguzi wabobezi wa kutosha kumfuata kila mgonjwa. Lakini Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000 mwaka 2023 na kuwapa vifaa, na Tanzania ilizindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii Januari 2024. Jeshi hilo linaweza kufika nyumbani ndani ya saa 48. Mhudumu anaweza kumwambia mzee, "Shikamoo, naomba unionyeshe dawa zote ulizonazo," akamfundisha binti wa nyumba kuandika uzito kila asubuhi, na akatambua miguu iliyoanza kuvimba. Asichoweza ni kubadili dawa, wala asijaribu. Kwa hiyo kila mhudumu anahitaji namba moja ya simu ya muuguzi au tabibu wa kituo aliyepewa rasmi jukumu la kupokea na kuamua.

Nawaomba wanaoandaa mitaala hiyo, Dodoma na Nairobi, wasitosheke na idadi ya waliofundishwa. Waweke mambo manne kwa maandishi: mgonjwa aliyeruhusiwa atembelewe ndani ya saa 48, dawa zote za nyumbani zipitiwe, mgonjwa aeleze kwa kinywa chake anachopaswa kufanya, na kila taarifa ya hatari ijibiwe siku hiyohiyo na mtu mwenye mamlaka. Kisha wapime kulazwa tena na vifo pamoja, wakilinganisha na maeneo ambayo mpango haujafika. Philadelphia ilitumia wauguzi watatu na miezi miwili ya mafunzo kuonyesha kwamba inawezekana. Kilichobaki ni uamuzi.